Mshumaa na Kimya: Tunachojifunza Kimisagara Kila Aprili

Utangulizi

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii hatuachi kuifundisha, na wanafunzi wetu hawakosi jibu: ukimwona mtu amenyamaza sana, jihadhari naye. Jibu hilo ni sahihi, lakini linaishia nusu ya njia. Halituambii ni kimya cha nani, kimetokana na nini, wala kinafuatwa na nini. Katika makala hii tunajaribu kuimaliza nusu iliyobaki kwa kutazama historia ya jambo linalofanyika kila mwaka kwa jirani zetu wa Rwanda: watu kukusanyika, kuwasha mishumaa na kunyamaza pamoja kwa ajili ya waliouawa mwaka 1994 na kwa ajili ya amani ya walio hai.

Tutaanzia Kimisagara, jijini Kigali, kwa sababu mbili. Kwanza, ni mtaa wa watu wa kawaida, si mahali pa sherehe za wakubwa. Pili, ni mtaa ambako Kiswahili kinasikika barabarani. Na kwa kuwa jarida hili ni la walimu na wanafunzi wa lugha, tumechagua kitenzi kimoja kituongoze. Kitenzi hicho ni kunyamaza. Kikinyambuliwa kinazaa kunyamazia, yaani kuona uovu na kuuacha upite, na kunyamazisha, yaani kumfunga mwingine mdomo. Mzizi ni mmoja, lakini mambo ni matatu. Historia tunayoisimulia ni ya hayo matatu.

Kimisagara na Kiswahili chake

Kimisagara ni umurenge, au kata kwa lugha yetu, katika wilaya ya Nyarugenge. Upo bondeni na kwenye miteremko, kati ya kilima cha katikati ya jiji na Mlima Kigali. Nyumba zimebanana, na mfereji wa Mpazi unapita ukielekea mto Nyabugogo. Jirani yake ni kituo kikuu cha mabasi cha Nyabugogo, wanakoshukia wasafiri kutoka Kampala na mikoa yote ya Rwanda. Mahali penye mabasi, gereji na soko hapakosi Kiswahili. Dereva, utingo, fundi makanika na mchuuzi wanakihitaji, hata kama nyumbani wanazungumza Kinyarwanda.

Kiswahili hicho kina historia. Kigali yenyewe ilianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, na pamoja na Wajerumani walikuja askari na wafanyabiashara wasemao Kiswahili. Wengi wao walikuwa Waislamu, na baadaye waliwekwa katika mitaa yao, hasa Biryogo karibu na Nyamirambo. Ndiyo maana kwa muda mrefu neno Umuswahili nchini Rwanda lilimaanisha Mwislamu, na pengine mtu mjanja asiyeaminika. Leo hali imebadilika. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwezi Februari 2017 bunge lake lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili anayekwenda Kigali sasa anakwenda kufundisha lugha rasmi ya nchi. Ikifika Aprili, atawakuta wanafunzi wake katika maombolezo. Ni vema ajue anachokiona.

Kimya cha pamoja kilitoka wapi

Wengi hudhani desturi ya kusimama kimya kwa dakika moja au mbili ilianzia London. Ukweli ni kwamba mizizi yake ipo barani kwetu. Mwezi Mei 1918, vita vikuu vya kwanza vikiendelea, meya wa Cape Town, Harry Hands, aliyekuwa amempoteza mwanawe vitani wiki chache tu kabla, aliagiza mji wake usimame kimya kila siku. Ishara ilikuwa mzinga uliopigwa saa sita mchana kutoka kilima cha Signal Hill. Ulipolia, magari na watu walisimama. Sir Percy FitzPatrick, mwandishi na mwanasiasa wa Afrika Kusini ambaye naye alifiwa na mwana katika vita hivyo, ndiye aliyependekeza kwa serikali ya Uingereza desturi hiyo itumike kote. Mfalme George wa Tano alikubali, na tarehe 11 Novemba 1919 dola yote ya Uingereza ilitakiwa kunyamaza kwa dakika mbili.

Kimya kile kilikuwa cha askari. Afrika Mashariki ilikijua mapema, kwani vita vilipiganwa hapa pia, na jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam bado linatukumbusha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita. Wapagazi hao walikufa kwa maelfu, wengi kwa njaa na maradhi, wala makaburi yao hayajulikani. Askari alipata sanamu yake Dar es Salaam mwaka 1927. Mpagazi ana jina la soko. Tunalitaja hili ili msomaji aone kwamba tangu mwanzo kimya cha heshima kilikuwa na swali ndani yake: anakumbukwa nani, na nani anasahauliwa?

Kunyamazia: mwaka 1994

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana iliangushwa ilipokuwa ikikaribia kutua Kigali. Usiku uleule vizuizi vilianza kuwekwa barabarani, na tarehe 7 mauaji yalienea. Watutsi waliuawa kwa sababu ya kuzaliwa Watutsi, na Wahutu waliopinga mpango huo waliuawa pia. Miongoni mwao alikuwa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, aliyeuawa asubuhi ya siku hiyo ya kwanza. Hadi chama cha RPF kilipoiteka Kigali tarehe 4 Julai, Umoja wa Mataifa unakadiria watu wapatao 800,000 walikuwa wameuawa. Serikali ya Rwanda inasema ni zaidi ya 1,000,000.

Mauaji hayo hayakuanza kwa panga. Yalianza kwa maneno. Redio RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Kitenzi gukora, ambacho kama kufanya kazi kwa Kiswahili ni neno la heshima, kilifanywa kimaanishe kuua. Tunaofundisha msamiati tunapaswa kulitafakari hili. Neno halikubadilika herufi hata moja. Waliolitumia ndio waliobadilika.

Wakati redio ikisema, dunia ilinyamaza. Mwezi Januari 1994 kamanda wa jeshi la Umoja wa Mataifa, Roméo Dallaire, alituma taarifa New York kuhusu silaha zilizofichwa Kigali, akakatazwa kuzikamata. Tarehe 21 Aprili, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama liliamua kulipunguza jeshi lile hadi watu 270 hivi. Huku ndiko kunyamazia. Na kimya kile kilikuwa na mshindo: mito ya Rwanda ilibeba maiti hadi mto Akagera, na kutoka huko hadi Ziwa Viktoria. Wavuvi wa Uganda walizitoa majini, na leo zaidi ya watu 10,000 wamezikwa huko Kasensero, Lambu na Ggolo.

Lakini wapo waliokataa kunyamazia. Nyamirambo, si mbali na Kimisagara, Damas Gisimba aliwaficha watu wapatao 400 katika kituo chake cha kulelea yatima, na wengi wao wakaokoka. Alifariki mwaka 2023. Wapo pia Waislamu wa Biryogo waliowaficha majirani zao, ingawa hatuwezi kusema kila mmoja alifanya hivyo.

Mshumaa uliochafuliwa, mshumaa uliorejeshwa

Mshumaa nao una historia yake. Pasaka ya mwaka 1994 iliangukia Jumapili tarehe 3 Aprili. Usiku wa kuamkia siku hiyo, kama ilivyo desturi ya Wakatoliki, mishumaa iliwashwa makanisani, waumini wakipashana moto mmoja mkono kwa mkono. Siku nne baadaye mauaji yalianza. Kabla mwezi haujaisha watu walikuwa wameuawa ndani ya makanisa yaleyale walikokimbilia: Gikondo jijini Kigali tarehe 9 Aprili, kisha Nyamata na Ntarama katikati ya mwezi. Waliouawa na baadhi ya waliowaua walikuwa wamewasha mishumaa pamoja siku chache zilizotangulia. Basi asitokee mtu wa kutuambia kwamba mshumaa peke yake huleta amani.

Hata hivyo, Wanyarwanda hawakuutupa. Kwa desturi yao, mtu akifiwa majirani hukesha naye katika ikiriyo, jambo tunalolijua sisi kwa jina la matanga. Mwaka 1994 matanga hayakukaliwa. Waombolezaji walikuwa wamekufa au wamejificha, na maiti hazikuonekana. Kwa walionusurika, tanga lile halikuanuliwa. Tukilielewa hili, tunaelewa kwa nini kumbukumbu ya Aprili inarudi kila mwaka bila kuchosha: ni matanga yaliyocheleweshwa, ya watu ambao wengi hawana kaburi.

Mwezi Aprili 2004, ikitimia miaka 10, Makumbusho ya Gisozi yalifunguliwa Kigali. Hapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000, na kila tarehe 7 Aprili huwashwa mwenge unaowaka siku 100, sawa na muda wa mauaji. Mwaka 2009 vijana walianzisha matembezi ya kukumbuka ambayo kwa miaka mingi yaliishia Uwanja wa Amahoro, watu wakikesha na mishumaa mikononi. Amahoro maana yake ni amani. Mwaka 1994 maelfu ya watu walijificha katika uwanja huohuo chini ya ulinzi dhaifu wa Umoja wa Mataifa, mabomu yakiwaangukia. Mwaka 2014 mwenge ulioitwa Urumuri Rutazima, yaani mwanga usiozimika, ulizungushwa wilaya zote 30 za nchi tangu Januari, ukarudi Kigali tarehe 7 Aprili.

Hapa walimu wa lugha tunaweza kutua kidogo. Kumurika kwa Kinyarwanda ni kumulika kwa Kiswahili, na Kiswahili kina methali yake: ukimulika nyoka, anzia miguuni pako. Tunaona hiyo ndiyo maana nzuri kuliko zote za mshumaa wa Aprili. Mwanga wake ni mdogo. Haufiki mbali, unamfikia anayeushika na jirani yake aliye bega kwa bega. Na mwaka 1994 muuaji mara nyingi alikuwa jirani.

Dakika moja ya saa sita mchana

Mwezi Desemba 2003 mambo mawili yalifanyika. Tarehe 3, mjini Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliwatia hatiani wakuu wa RTLM na mwenye gazeti la Kangura, ikithibitisha kwamba maneno yanaweza kuwa silaha ya kimbari. Mwaka 2007 rufaa ilipunguza adhabu zao, ila hatia ya uchochezi ilibaki. Tarehe 23 ya mwezi huohuo, jijini New York, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga tarehe 7 Aprili kuwa siku ya dunia nzima ya kutafakari mauaji hayo.

Siku hiyo ilipofika mwaka 2004, Katibu Mkuu Kofi Annan aliiomba dunia inyamaze kwa dakika moja saa sita mchana, kila nchi kwa saa zake. Mwaka 1994 Annan huyohuyo ndiye aliyekuwa mkuu wa idara ya ulinzi wa amani, na siku chache kabla ya kumbukumbu alikuwa amekiri hadharani kwamba angeweza kufanya zaidi. Kwa hiyo dakika ile haikuwa pambo. Aliyenyamazia alikuwa sasa anaomba kunyamaza. Na saa sita ya Cape Town ya mwaka 1918, iliyokuwa ya askari wenye bunduki, ilikuwa imefika Kigali kwa ajili ya raia wasiokuwa na kitu.

Gacaca: kimya kinachofungua mdomo

Lakini tukiuliza kimya hiki kiliingiaje mitaa kama Kimisagara, jibu halipo New York. Lipo katika gacaca. Mahakama hizi zilichukua jina lake kutokana na nyasi ambazo wazee wa zamani walizikalia wakiamua kesi. Zilianza kwa majaribio mwaka 2002, zikaenea nchi nzima mwaka 2005, na zilipofungwa mwezi Juni 2012 zilikuwa zimeamua kesi karibu 2,000,000. Kesi zilisikilizwa mtaani, na waamuzi walikuwa majirani waliochaguliwa kwa uadilifu wao.

Kikao kilifunguliwa kwa watu wote kusimama na kunyamaza kwa dakika moja kwa ajili ya waliouawa. Kisha waliketi, na mtu akaanza kusema. Utaratibu huo ulirudiwa wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka, katika mitaa yote. Mjane alisimama kimya karibu na mtu aliyemshtaki. Dakika ilipokwisha, mmoja aliuliza maiti imetupwa wapi, na mwingine akatakiwa kujibu. Gacaca haikukosa dosari: mshtakiwa hakuwa na wakili, na mashahidi wengine walitishwa, yaani walinyamazishwa. Hata hivyo, iliwafundisha watu jambo kubwa, kwamba kimya kinaweza kuwa mlango wa maneno badala ya kuwa kaburi lake.

Utaratibu huo umebaki. Siku hizi maombolezo ya Aprili hufanyika pia katika ngazi ya umudugudu, ambayo ni ngazi ya chini kabisa. Watu hukaa, hunyamaza, husikiliza ushuhuda wa aliyenusurika, hujadiliana. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipowafungia watu majumbani, mikusanyiko ilikatazwa na maombolezo yakafuatiliwa nyumbani kwa redio na televisheni. Hapo ndipo ilipoonekana kilichokosekana. Mshumaa unaweza kuuwasha peke yako, lakini kunyamaza pamoja kunahitaji mwenzako awepo.

Kimya kisicho na utulivu

Tusije tukapamba kupita kiasi. Kwa baadhi ya walionusurika, Aprili haina utulivu. Katikati ya kimya hutokea mtu akapiga yowe, akakimbia, akaanguka, kana kwamba wauaji wapo mbele yake. Wanyarwanda huliita jambo hili ihahamuka, na kwenye mikusanyiko mikubwa huwapo watu waliofunzwa kuwabeba wagonjwa hao na kuwatuliza. Kimya kwao si pumziko. Ni mahali ambapo sauti za mwaka 1994 zinasikika vizuri zaidi.

Lipo pia suala la wanaonyamazishwa. Mwanamuziki Kizito Mihigo, mwenyewe akiwa Mtutsi aliyenusurika, aliimba miaka mingi katika maombolezo ya kitaifa. Mwaka 2014 alitoa wimbo uliowataja pia wafu waliouawa nje ya mauaji ya kimbari. Mwezi Aprili mwaka huohuo alikamatwa, na mwaka 2015 akahukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa kula njama dhidi ya serikali. Alisamehewa mwaka 2018, akakamatwa tena, na tarehe 17 Februari 2020 akafa katika mahabusu ya polisi. Polisi walisema alijiua. Mashirika ya haki za binadamu yalitaka uchunguzi huru. Kulitaja hili si kupunguza uzito wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambayo hayalinganishwi na hayakanushiki. Ni kukubali kwamba penye kunyamaza, hatari ya kunyamazishwa haiko mbali, na kwamba swali la wapagazi wa Kariakoo bado linaulizwa: nani anakumbukwa, na nani anasahauliwa?

Hitimisho

Turudi basi kwenye methali yetu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwaka 1994 kimya cha walioweza kusema kilizaa mshindo ambao bado unasikika. Kimya cha gacaca na cha Aprili kinazaa mshindo wa namna nyingine: mtu anafungua mdomo na kutaja jina la ndugu yake mbele ya majirani. Tofauti ya vimya hivi viwili haimo katika urefu wake. Imo katika kinachofuata baada yake. Dakika ya kimya isiyofuatwa na ukweli ni kunyamazia tu, hata ikipambwa kwa mishumaa elfu.

Kwa walimu, tunapendekeza somo moja la mnyambuliko wa vitenzi. Andika ubaoni kunyamaza, kunyamazia, kunyamazisha na kunyamazishwa. Waache wanafunzi watunge sentensi, na watatunga zile za kawaida: mtoto amenyamaza, mama amemnyamazisha. Kisha wasimulie habari ya Kimisagara na uwaombe watunge upya. Kwa wenye wanafunzi Wanyarwanda, tahadharini na neno kwibuka: ni kukumbuka, wala si kuibuka kwa mtu aliyezama majini, ingawa tukifikiri vizuri mambo hayo mawili hayako mbali sana.

Na ukijaliwa kuwa Kigali mwezi Aprili, ndugu mwalimu, usiharakishe kufundisha. Kaa na watu. Wakinyamaza, nyamaza nao. Wakianza kusema, sikiliza.